Mafuta ya Mkono Wangu

Habari ya kifo cha Wasswa ilinikuta kwenye kibanda cha walinzi, West Bay, hapa Doha, asubuhi, nikiwa nimeshika karatasi za gari la mizigo na dereva ananiangalia kama mtu anayemchelewesha kusudi. Simu ilitikisika mfukoni. Namba ilikuwa ya Uganda. Ujumbe ulisema: “Uncle Wafula, mimi ni Prossy, mtoto wa Wasswa. Taata ametuacha juzi. Tunazika kesho kutwa. Huku watu wanasema alirudishwa kutoka Qatar kwa kuharibu mashine ya watu. Yeye alikuwa anasema tu, muulizeni Wafula. Sasa mimi nakuuliza. Tuandikie kitu, kitasomwa.” Nilimfungulia dereva, nikakaa. Nikaandika mistari mitatu, kwamba Wasswa alikuwa mchapakazi, mtu wa watu, na Mungu ampumzishe pema. Nikatuma. Swali la mtoto lilikuwa moja tu, na mimi nikalipita pembeni kama mtu anayekwepa maji barabarani. Ndiyo maana naandika haya. Nimeishia darasa la saba, atakayetafuta maneno matamu ayatafute kwingine.

Mwaka nilipokutana na Wasswa nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na kazi yangu ilikuwa kusafisha tumbo la chungu. Sitanii. Kilikuwa chungu cha chuma kinachong'aa, cha mviringo wenye tundu katikati, mfano wa tairi la lori lililolazwa, kikiwa chini kabisa ya jengo moja la chuo upande wa Al Rayyan. Kilizungushiwa nyaya nene za shaba, koili juu ya koili, mpaka ukikiona mara ya kwanza ungedhani kuna mtu ameamua kukifunga kisitoroke. Mkubwa wa pale alikuwa Dakta Ilyas, mwanasayansi mwembamba aliyevaa sweta hata wakati wenzake nje wanayeyuka kwa jua. Siku yetu ya kwanza alitupanga mbele ya chungu akatueleza kwa Kiingereza cha polepole, kwa kuwa alijua tumeletwa na kampuni za kufagia na kubeba. Alisema mle ndani watatia gesi kidogo sana, waipige umeme mpaka iwe moto kuliko moto wowote tunaoujua, moto ambao hata jina lake si moto tena, ni plazma. Hakuna chuma kinachoweza kuushika. Kwa hiyo zile koili zingegeuka sumaku na kuubana katikati, uelee, usiguse ukuta. “Moto ukigusa ukuta,” akasema, “unakufa. Na hewa ya mle ikiwa chafu, hauzaliwi kabisa.” Alitaka kujua kama siku moja watu watapata umeme kwa njia hiyo, kama jua linavyofanya kule juu. Hicho chetu kilikuwa kidogo, cha kujifunzia. Wasswa, aliyesimama karibu yangu na ambaye nilikuwa sijamjua hata jina, akaninong'oneza: “Kwetu chungu ndicho kinaogopa moto. Huku moto ndio unaogopa chungu.” Nikacheka, Dakta akanikazia macho, na hivyo ndivyo urafiki wetu ulivyoanza, kwa mimi kukemewa kwa mzaha wa mwingine.

Wasswa alikuwa mtu wa pampu. Alitoka kampuni nyingine, si yetu, na alijua mashine kwa sikio. Angeweza kusema pampu ina kiu kabla kipimo hakijasema. Aliniita jirani, kwa sababu mimi ni wa Bungoma na yeye alisema kati ya kwao na kwetu kuna mstari tu uliochorwa na mtu asiyekula muhogo. Pampu zake zilinyonya hewa yote kutoka kwenye chungu kwa siku nyingi, huku chungu chenyewe kimefungwa mikanda ya joto kikiokwa ili unyevu utoke kwenye chuma. Kati ya pampu na chungu kulikuwa na valvu, gurudumu dogo jekundu. Pampu ile ilikuwa na mafuta ndani. Ikisimama ghafla na valvu ikiwa wazi, chungu kilichokosa hewa kinayanyonya mafuta kama mtoto anavyonyonya mrija, na kazi ya miezi imekwisha. Kwa hiyo kulikuwa na desturi, na ilikuwa ya kwetu sisi wafanyakazi, hata Dakta aliikuta akaipenda. Mmoja anafunga valvu na kusema kwa sauti, “Nimefunga.” Wa pili lazima aje aishike mwenyewe, ajaribu kuizungusha, aone imekataa, aseme, “Nimeona.” Halafu wote wawili wanatia sahihi kwenye daftari, safu mbili, moja ya aliyefunga na moja ya aliyeona. Tulizoea mpaka tukawa tunaitumia chumbani. Mtu anafunga jiko la gesi, anasema nimefunga, mwingine akiwa kitandani amelala kifudifudi anajibu nimeona, na Wasswa anamwambia, “Umeona na nini, na kisogo?”

Tulilala sita chumba kimoja, Al Rayyan, Wasswa akiwemo, vitanda vya chuma vya juu na chini, dirisha moja lililozibwa na mashine ya baridi. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya chakula. Sisi Wakenya tulisonga ugali, Wasswa akapika maharagwe kwa karanga za kusaga, rojo zito jekundu jekundu, na kulikuwa na ugomvi wa kila juma kuhusu nani anaharibu chakula cha nani. “Nyinyi mnakula ukuta,” angesema akiutazama ugali wetu, na sisi tungemwambia asiuguse basi, naye angeugusa, tena kwa tonge kubwa. Baadaye tulikwenda nje kwenye kibanda kimoja cha chai ya karak, ile nzito ya maziwa, tukasimama juani na vikombe vya karatasi, na Wasswa akatueleza jinsi atakavyokuwa pale siku moto utakapowaka. Alikuwa na hamu nao kuliko Dakta. Alisema mle ndani kutakuwa na rangi ya waridi, Dakta amemwambia, na itakaa muda mfupi hata kope hazijagusana, na yeye, Wasswa, atakuwa ameiona kupitia kidirisha, na atakapozeeka atawaambia wajukuu kwamba aliwahi kufungia jua mlango. Aliyasema hayo akiwa na mafuta ya pampu chini ya kucha. Nilimpenda. Naandika hilo hapa ili lisije likasomeka kwamba sikumpenda.

Sasa mkono wangu. Mimi nina mikono mirefu, myembamba, watu walikuwa wakiniita twiga tangu shule. Kwenye ubavu wa chungu kulikuwa na tundu la kuingiza mkono, na ni mimi peke yangu niliyeweza kufika mpaka upande wa ndani wa chini na kitambaa. Masharti yalikuwa yameandikwa ukutani: nawa kwa sabuni mara mbili, vaa glavu mbili, vuta mkono wa koti, funga kwa utepe. Alama ya kidole tu mle ndani ilikuwa kosa. Lakini ile mashine ya baridi kule chini ilikuwa imekausha ngozi zetu mpaka zinapasuka, na mtu wa kwetu, hata awe maskini namna gani, hatembei amepauka. Unaweza kukosa chai, hukosi mafuta ya kujipaka. Mimi nilikuwa na kopo la mafuta ya mgando na nilijipaka kama nilivyopakwa na mama, kutoka bega mpaka kucha, bila kufikiri, kama mtu anavyovaa viatu. Msimamizi wetu, Mutiso, Mkenya mwenzangu, alikuja asubuhi moja akasema watu wa chuo wanakuja kupiga picha adhuhuri, picha ya kikosi kizima na chungu. “Sitaki kuona mtu amepauka kama aliyekuwa akichanganya simiti. Mjipake. Halafu wewe Twiga, maliza mle ndani mapema, tufunge kabla hawajafika. Yalla, haraka.” Nikajipaka mara ya pili. Nikanawa viganja. Viganja tu, nikavaa glavu. Utepe wa koti ukakataa kushika kwenye mkono wenye mafuta, ukawa unateleza, na Mutiso akiwa mlangoni anagonga saa yake kwa kidole. Nikalisukuma koti juu nikaingiza mkono. Nilipoutoa niliona kwenye mdomo wa tundu mstari unaong'aa, mrefu kama kalamu. Nikaufuta kwa kitambaa kikavu. Ule wa ndani, ambao mkono wangu ulikuwa umeuacha, sikuuona, lakini nilijua upo, kama unavyojua umeacha mlango wazi ukiwa umeshafika stendi. Nikasema moyoni ni kidogo. Tukafunga tundu, pampu zikaanza kunyonya. Tukapiga picha. Kwenye picha ile mimi ndiye ninayeng'aa kuliko wote.

Siku chache baadaye umeme ulikatika. Ilikuwa alasiri, kule chini kukawa giza tupu, na pampu ikanyamaza kwa ule mlio wa kushuka ambao Wasswa alisema unamkumbusha ng'ombe akianguka. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Nilisikia miguu yake, nikawasha tochi ya simu, na nikamwona ameshika gurudumu jekundu kwa mikono miwili anazungusha. “Nimefunga, jirani.” Nikaja nikalishika, nikalijaribu, likakataa. Nikasema, “Nimeona.” Nayaandika haya kwa utulivu kwa sababu ndiyo yaliyotokea. Wasswa akatia sahihi yake kwa mwanga wa simu yangu. Kabla sijatia yangu, Mutiso akaita kutoka ngazini kwamba wote twende tukashike milango ya juu, lifti imekwama na watu. Nikaacha kalamu. Umeme uliporudi nikasahau daftari. Safu ya pili ikabaki nyeupe.

Baada ya wiki wakawasha kipimo cha kuonja gesi iliyobaki ndani ya chungu. Kipimo hicho kinachora vilima kwenye skrini: kilima cha maji, kilima cha hewa, kila kitu na kilima chake. Dakta Ilyas alikuwa ametufundisha kuvisoma kidogo. Siku ile kulikuwa na vilima vidogo vidogo vingi, vimefuatana, mfano wa meno ya msumeno. Akavitazama muda mrefu mikono ikiwa ndani ya sweta. “Mafuta,” akasema. Walijaribu kuwasha hata hivyo. Wakapiga umeme mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Kila mara koili zinatoa kishindo kama mtu amepiga teke kabati, na kwenye kidirisha hakuna kitu, weusi tu. Wageni ambao pesa zao zilijenga chumba kile walikuwa waje baada ya mwezi. Dakta akaanza kutafuta mafuta yametoka wapi, na mafuta yaliyojulikana pale yalikuwa ya pampu. Nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba vilima haviwezi kumwambia ni mafuta ya mashine gani, yote yanayotoka ardhini yanafanana. Nikalitazama kopo langu jioni ile. Mafuta yake ya mgando nayo yametoka ardhini.

Nilimwambia Mutiso. Hilo nitalisema, kwamba mtu mmoja nilimwambia. Tulikuwa kwenye kibanda cha karak, yeye anakoroga sukari. Nikamweleza mkono, utepe, mstari. Hakushangaa hata kidogo, akaendelea kukoroga. “Umemwambia nani mwingine?”

“Hakuna.”

“Basi hukuniambia hata mimi. Sikiza, Wafula. Nani alikuambia ujipake?”

“Wewe.”

“Umeona sasa. Ukisema mkono wako, wataniuliza nilikuwa wapi, na kampuni yetu itaondolewa, sote kumi na wanne, turudi nyumbani na masanduku. Wasswa si wa orodha yangu. Kampuni yake itamtafutia pengine.” Akanywa. “Wewe hujasema uongo wowote. Ukiulizwa kuhusu valvu, giza lilikuwepo au halikuwepo?”

“Lilikuwepo.”

“Khalas, imekwisha.”

Nimewataja Mutiso na Dakta Ilyas kwa majina yao na sitawafuta. Mutiso alijua. Dakta hakujua, lakini alitaka jibu la haraka kuliko alivyotaka jibu la kweli, na mtu anayejua kupima vitu visivyoonekana angeweza kuomba kuona mikono yetu. Hakuomba. Alituita ofisini, mimi, Mutiso na Wasswa. Kulikuwa na sahani ya tende mezani ambayo hakuna aliyeigusa, na daftari limefunguliwa mahali penye nafasi nyeupe. Wasswa alikuwa amevaa shati safi. Alikuwa ametulia kabisa, kwa sababu alikuwa na shahidi.

“Nilifunga, Dakta,” akasema. “Muulize huyu. Aliigusa.”

Dakta akanigeukia. “Uliona akifunga?”

Mutiso alikuwa anatazama tende. Nakumbuka sauti ya mashine ya baridi, na kwamba nilikuwa nimejipaka asubuhi ile kama kawaida, na viganja vyangu vikateleza kwenye magoti ya suruali.

“Kulikuwa giza,” nikasema. “Sikuona.”

Wasswa hakubisha. Ningependa kusema alinirukia au alinitukana, ingekuwa rahisi kwangu miaka hii yote. Alinitazama tu, na akaendelea kunitazama, kama mtu aliyesimama mlangoni akingoja mwenzake amalizie kuvaa viatu. Dakta akaandika. Ikawa imekwisha.

Walimpa siku tatu. Alifunga sanduku lake Ijumaa baada ya chakula, na siku hiyo hakuna aliyegombania rojo. Nilikaa kitandani kwangu nikijifanya natengeneza chaja. Alipomaliza alikuja akakaa karibu yangu, akauchukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza juu chini kama anayeangalia kidonda, akaunusa. Akakunja mkono wa shati langu mpaka juu.

“Ukiingia tena kwenye chungu, jirani,” akasema, “nawa mpaka begani.”

Alijua. Alikuwa amejua tangu lini sijui. Mtu anayesikia kiu ya pampu hakosi kunusa kopo la mwenzake. Nikamuuliza kwa nini hakusema mle ofisini.

“Nilikuwa nakungoja wewe useme.”

Akateremsha mkono wa shati langu, akafunga kifungo chake, akabeba sanduku. Mlangoni, kwa mazoea, akazima jiko la gesi lililokuwa limeachwa chini chini. “Nimefunga,” akasema. Hakuna aliyejibu.

Nilikiosha chungu mimi mwenyewe. Walifungua tundu, wakanipa dawa ya kusafishia, na nilinawa mpaka begani na kuvaa glavu za ziada, nikafuta upande ule ule, na kitambaa kilitoka na weupe mzito ambao si mafuta ya pampu, nilijua rangi yake. Nikakitumbukiza kwenye pipa na kufunika kwa vingine. Chungu kikaokwa tena. Vilima vya msumeno vikapotea, na Dakta akanipiga bega mbele ya watu, akasema mikono mirefu imeokoa kazi. Siku ya wageni walituruhusu sisi wafanyakazi kusimama nyuma. Kishindo kikapigwa, na kwenye skrini kubwa, kwa muda ule mfupi ambao kope hazijagusana, kukawa na pete ya rangi ya waridi imeelea ndani ya weusi, haijagusa popote. Watu wakapiga makofi. Wakairudisha picha polepole ili wageni waione tena, na tena, ikizaliwa na kufa. Ilikuwa nzuri sana. Nilitoka nje nikasimama juani nyuma ya jengo, na nilichofikiri si kikubwa: kwamba Wasswa aliambiwa rangi yake tu.

Miaka imepita. Kazi ile ilifungwa, chungu kimehamishwa sijui wapi. Mutiso yuko nyumbani, ana nyumba za kupangisha, watu wanamwita mheshimiwa. Dakta Ilyas yuko nchi nyingine. Katika wale wa kile chumba cha vitanda sita, mimi ndiye niliyebaki Doha, nafungua na kufunga mlango wa magari, na vijana wa zamu yangu wananitania: “Mzee Wafula, mikono hiyo ni ya mtu au ya mjusi? Si ujipake hata kidogo?” Sijajipaka tangu Ijumaa ile. Ngozi inapasuka kwenye vifundo, damu inatoka wakati wa baridi. Niliwahi kudhani hiyo ni adhabu. Si adhabu, ni ngozi kavu tu. Adhabu ingekuwa kuchukua simu na kumpigia Wasswa, na namba yake niliijua muda wote.

Prossy alijibu ile mistari yangu mitatu siku ya pili baada ya mazishi. “Asante uncle. Imesomwa. Lakini ndugu zake baba waliuliza, mbona huyu Wafula hajasema kama alifunga au hakufunga.” Nilikuwa kibandani. Nikabonyeza kile kitufe cha sauti nikasema yote, valvu, mkono, kopo, ofisi, na magari yalinipigia honi sikufungua. Nikaona ameusikiliza ujumbe. Halafu akaandika: “Sauti haisomeki, uncle. Iandike. Kutakuwa na siku ya kumaliza msiba, ukoo wote utakuwa pale, na mimi nitasimama nisome. Weka majina ya wote waliofanya.” Na chini yake, peke yake: “Anza na lako.”

Sikuanza nalo. Nimeanza na Wasswa, na chungu, na maharagwe, na nimewataja wengine kabla ya kujitaja kama inavyotakiwa, hata kwenye karatasi yangu mwenyewe nimejificha nyuma ya watu. Basi Prossy, ukifika hapa, ruka hayo mengine kama muda hautoshi, usome hii tu. Jina langu ni Wafula. Mafuta yalikuwa ya mkono wangu. Baba yako alifunga valvu. Niliishika kwa mkono huo huo, ikakataa kuzunguka.

Nimeona.